Vyakula vya Kituruki vya kuonja Istanbul: nianzie wapi nikiwa na mama yangu?

Binti wa Chumbageni

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mwezi Januari ninatarajia kwenda Istanbul kununua nguo za duka langu, na safari hii nitafuatana na mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kutoka nje ya Tanzania. Tutafikia hoteli ya mtaa wa Laleli, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi wa kwetu, na baada ya manunuzi tutakuwa na siku chache za mapumziko ambazo nisingependa tuzimalize kwa kula kuku na chipsi karibu na hoteli. Katika mapishi ya Kituruki mimi ninaijua döner tu, ile nyama inayochomwa kwenye mshikaki wa wima unaozunguka, tena ile inayouzwa Dar es Salaam. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni vyakula gani vya asili na vya barabarani ambavyo mgeni hapaswi kuvikosa, vinapatikana mitaa gani, na vipi vinamfaa mtu mzima ambaye meno yake hayaiwezi nyama ngumu. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo ningependa pia kujua pa kuchukua tahadhari.

Mwanafunzi wa Fatih

Dada, karibu Istanbul, na mama mfikishie shikamoo yangu. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba chakula cha mji huu kina saa yake na mtaa wake. Mgeni anayekula kila kitu mahali pamoja, hasa katika mikahawa inayozunguka uwanja wa Sultanahmet, ambako wahudumu husimama mlangoni wakiita wapita njia, hulipa bei kubwa kwa chakula cha kawaida sana. Ninyi mtakaa Laleli, na kutoka hapo sehemu wanakokula wenyeji zinafikika kwa miguu.

Asubuhi anzeni na simit. Ni mkate wa duara wenye tundu katikati ambao, kabla ya kuingia tanuri, huchovywa katika shira ya zabibu iliyozimuliwa kwa maji, kisha hugaragazwa kwenye ufuta. Shira hiyo ndiyo inayoupa rangi ya kahawia na utamu wa mbali. Ununueni mapema, kwa sababu ikifika alasiri huwa umekauka na mama atausumbukia. Siku mtakayokuwa na nafasi, agizeni kahvaltı kamili, yaani kifungua kinywa cha jibini za aina mbalimbali, zeituni, nyanya, matango, asali iliyomiminwa juu ya malai mazito yaitwayo kaymak, na menemen, ambayo ni mayai yaliyovurugwa ndani ya nyanya na pilipili hoho na kuletwa yangali yanatokota kwenye kikaango chake. Chai huja bila maziwa katika bilauri ndogo isiyo na mkono, na mahali pengi mkiimaliza huletewa nyingine.

Mchana tafuteni esnaf lokantası, mikahawa ya mafundi na wenye maduka. Vyakula hupangwa kwenye masinia nyuma ya kioo na mteja huonyesha kwa kidole anachokitaka, kwa hiyo lugha haiwi kikwazo. Hapo ndipo mama atakapofurahi. Mwombeeni hünkâr beğendi, ambayo ni nyama ya kondoo iliyopikwa mpaka ikalainika, ikawekwa juu ya rojo la bilinganya zilizochomwa motoni na kupondwa pamoja na maziwa na jibini. Akichoka na nyama, kuna kuru fasulye, maharage meupe yaliyoungwa kwa nyanya na siagi, yanayoliwa na wali na achari. Safu ya mikahawa inayopika maharage hayo iko mbele ya msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na Sinan na kukamilika mwaka 1557, kwa hiyo mnaweza kuswali Adhuhuri humo ndani na kutoka moja kwa moja mezani.

Kutoka Süleymaniye mkiteremka kidogo mtafika Vefa, ambako kuna duka linalouza boza tangu mwaka 1876. Boza ni kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, na aliyelelewa kwa togwa hatahitaji kuzoeshwa, isipokuwa boza ni nzito zaidi na huliwa kwa kijiko. Juu yake hunyunyizwa mdalasini, kisha mnywaji huongeza dengu zilizokaangwa kavu. Uchachu wake hutoa kiasi kidogo sana cha kilevi. Waturuki wengi wenye dini huinywa bila wasiwasi, lakini kwa kuwa umeuliza, ni vyema mkalijua hilo mapema na kuamua wenyewe. Januari ndio msimu wake hasa.

Jioni moja nendeni Eminönü, penye daraja la Galata, mle balık ekmek, samaki wa kuchoma ndani ya nusu ya mkate pamoja na vitunguu na majani ya saladi, na mshushie kwa glasi ya maji ya achari.

Mpishi wa Kizingo

Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia kwa mengi, ila kwa huyo samaki wa Eminönü ninaomba kutofautiana naye. Samaki anayechomwa pale kwa kawaida ni wa jamii ya vibua, na mara nyingi huwa amegandishwa na kuletwa kutoka Norwei. Ukishayajua hayo, kinachobaki ni mandhari ya bahari na kelele za wauzaji. Januari ni msimu wa hamsi, dagaa wa Bahari Nyeusi, ambao hupakwa unga wa mahindi, hupangwa kwenye kikaango kwa duara vichwa vikitazama nje, na hukaangwa mpaka mwiba wenyewe ukatafunika. Pandeni feri kwenda Kadıköy, upande wa Asia, muulize hamsi katika mikahawa iliyo ndani ya soko la samaki. Mtu wa Tanga au Mombasa haendi Istanbul kula kibua cha barafu.

Kwako wewe mwenyewe, dada, nitaongeza kokoreç. Ni utumbo wa mwanakondoo uliosafishwa na kuzungushwa kwenye mshikaki mrefu unaolala mbele ya makaa na kugeuzwa polepole. Ukiagiza, muuzaji hukata kipande, hukikatakata juu ya ubao kwa kisu kipana mpaka kikawa vipande vidogo mno, hunyunyizia pilipili kavu na majani makavu yenye harufu kali, kisha hukijaza ndani ya mkate. Anayekula supu ya utumbo nyumbani ataupenda. Asiyeula, asijilazimishe kwa kuwa yuko ugenini.

Mchuuzi wa Kariakoo

Dada yangu, mimi ni mtu wa mizigo na wala si mpishi, kwa hiyo nitakueleza yale yanayomfaa aliyetembea madukani kutwa nzima. La kwanza ni supu ya adesi, mercimek çorbası, laini kabisa, ya kukamuliwa limau, na mkate hauna kikomo. Mama anaweza kuinywa mara tatu kwa siku na asiugue. La pili ni wali wa mikokoteni yenye vioo inayotoka usiku upande wa Unkapanı: wali uliopikwa na dengu, juu yake kuku aliyechambuliwa, na pilipili manga nyingi. Ni chakula cha bei nafuu na kinashibisha.

Kuhusu bei, sitaitaja hata moja, kwani kwa mfumuko wa bei uliopo huko nitakupotosha. Lakini sheria inaitaka mikahawa ibandike orodha ya bei mlangoni. Pasipokuwa nayo, piteni.

Mkaazi wa Malindi, Unguja

Nimesoma mjadala huu nikaona hakuna aliyegusa midye dolma, ilhali kwa aliyeuliza habari za tahadhari ya dini ni jambo linalostahili maelezo. Hawa ni kome ambao ndani ya kombe zao hujazwa wali uliotiwa pilipili manga, mdalasini na viungo vingine, kisha hufungwa na kupikwa kwa mvuke. Muuzaji husimama kando ya njia na sinia lake, hufungua kombe kwa kidole gumba, hukamulia limau na kukupa. Wewe hutumia kombe la juu kama kijiko, unachota na kumeza, na kabla hujamaliza kutafuna, mwingine ameshanyoshewa kwako. Ataendelea hivyo mpaka useme basi, kisha mtahesabu kombe tupu na kulipa.

Waturuki walio wengi ni wa madhehebu ya Hanafi, na katika madhehebu hayo kinachohalalishwa kutoka baharini ni samaki tu. Ndiyo maana utawaona baadhi yao wakilipita sinia lile bila kuligusa. Sisi wa Pwani tulio Mashafi hatuna kizuizi hicho, kwa hiyo asiwatie shaka mtu atakayewaambia kwamba kome ni haramu kwa kila Mwislamu. Tahadhari ya kweli ni ya tumbo: kome akikaa juani huwa sumu. Januari hofu hiyo hupungua, lakini hata hivyo nunueni kwa muuzaji mwenye wateja wengi, ambaye sinia lake halikai.

Jambo jingine ni çiğ köfte. Asili yake ni nyama mbichi iliyokandwa pamoja na ngano iliyovunjwavunjwa na pilipili, na watu huogopa wakisikia hivyo. Inayouzwa madukani siku hizi haina nyama kabisa, kwa kuwa kuuza ile ya nyama mbichi kumezuiwa kwa sababu za afya. Hufungwa ndani ya mkate mwembamba pamoja na majani ya saladi na shira ya komamanga. Mwenye kupenda pilipili ataifurahia, kwani chakula kingi cha Istanbul ni cha upole kuliko tunavyotarajia. Ukali halisi uko kusini na kusini-mashariki mwa nchi, Urfa, Adana na Gaziantep.

Binti wa Chumbageni

Ninawashukuru nyote, na mama amezipokea salamu. Amesema hamsi ataila na kome hataki hata kuwaona. Nina swali moja la ziada: nimesikia kwamba döner bora iko katika mji wa Bursa. Je, inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo na mtu mzima, au niachane na wazo hilo?

Mwanafunzi wa Fatih

Inawezekana, dada, mradi mwondoke asubuhi. Inayosifika Bursa inaitwa İskender, nayo ilianzia huko katika karne ya 19. Nyama hukatwa nyembamba kama karatasi, jambo litakalomfaa mama, hulazwa juu ya vipande vya mkate, humwagiwa mchuzi wa nyanya, na pembeni huwekwa mtindi mzito. Mkishakaa, mhudumu huja na kikaango cha siagi iliyoyeyushwa na kuimimina mezani mbele yenu huku ikichemka. Msianze kula kabla hajafika, kwa sababu mkate wa chini huisubiri siagi hiyo ndipo ulainike.

Kuhusu ndugu yetu wa Kizingo, hamsi nimeikubali.

Kuhusu njia ya kwenda Bursa, kuna feri inayovuka Bahari ya Marmara hadi bandari ya Mudanya, na kutoka hapo huchukuliwa basi la kuingia mjini. Tatizo la Januari ni upepo wa kusini uitwao lodos, ambao ukivuma feri husitishwa bila kusubiri mtu. Tazameni tangazo la feri usiku wa kuamkia safari. Likiwa baya, pandeni basi la moja kwa moja linalopita daraja la Osmangazi, lililofunguliwa mwaka 2016, na hakikisheni mmeshaijua saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hamjaagiza chakula.