Yule "mtaalamu" wa skripti mnayemjua amenidhalilisha mbele ya wateja wa dada yangu

Kijana_wa_Madera:

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Simtaji, na hana haja ya kutajwa. Ni yule yule wa picha ya laptopu tatu mezani na miwani ya jua usiku. Mnamjua.

"Kamenye viazi." Ndivyo alivyoniambia, kwa sauti, kwenye grupu la watu mia nne.

Iko hivi. Dada yangu anauza madera Mbagala. Nikamwambia achana na kuhangaika na stetasi, nitakuwekea tovuti. Nikanunua skripti ya duka, yaani programu ya tovuti iliyokwisha kuandikwa, kwa huyo bwana, 40,000, na ya kutolea nikaweka juu. Kwenye XAMPP, ile programu ya kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako, ikawaka nyumbani siku hiyo hiyo: mtumiaji root, paswedi tupu, madera yanang'aa. Nikaipandisha kwenye hosti, ile kompyuta ya kukodi inayoweka tovuti hewani. Weee! Ukurasa mweupe na mstari mmoja: Access denied for user 'root'@'localhost'. Nimebadilisha paswedi mara elfu moja. Nikaenda phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia databesi (ghala la taarifa za duka), kuingiza faili la .sql lenye majedwali yake, likanitemea kosa #1044. Siku tatu! Bando limekwisha, ndevu zimeota hadi kifuani, paka wa nyumbani ananishangaa kama mgeni.

Nikamwandikia kistaarabu: "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu, nimekwama kwenye config.php, naomba unielekeze." Nimempa shikamoo mtu ambaye huenda tumelingana! Saa mbili kimya, tiki za bluu zipo. Ndipo ikaja voisi ya sekunde tisa, tena siyo kwangu, kwenye grupu. Nikaifungulia spika, maana dada alikuwa pembeni anasubiri kusikia duka lake limefikia wapi, na wateja wawili wanajipima nguo.

"Dogo, databesi siyo ya kila mtu. Nenda kamsaidie mama yako kumenya viazi." Na kicheko juu.

Mama yangu anauza chipsi. Huyo bwana anajua! Amekula pale, akaongezewa na kachumbari. Viazi hivyo ndivyo vilivyonilipia ada mpaka fomu foo. Dada hakusema kitu. Alichukua dera moja akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, lile lile. Mteja mmoja akaniambia "pole". POLE! Mtu amekuja kununua dera anaondoka ananipa pole!

40,000 abaki nayo. Nataka mtu aniambie kwa nini viazi. Kati ya matusi yote ya Kiswahili, kwa nini viazi?

Kipanga_Mjini:
Pole mkuu. Ila hiyo chipsi ya mama iko upande gani? Naelekea huko na sijala tangu asubuhi.

BintiKodi:
Root kwenye hosti ya kulipia? 😂😂 Hapo hata mimi ningekukabidhi kisu na ndoo ya viazi.

Kijana_wa_Madera:
@BintiKodi wewe ni yeye au ni mdogo wake? Hujasikia kile kicheko. Kamenye viazi, halafu kicheko. Dada yangu yuko pale!

Mzee_wa_Seva:
Acheni utoto. Kijana, sikiliza. Root ni ya XAMPP, kwenye mashine yako. Kwenye cPanel, ukurasa wa kuendeshea hosti yako, unafungua databesi yako na mtumiaji wake, na majina yote mawili hutanguliwa na jina la akaunti ya hosti. Ukiita "duka" inakuwa akaunti_duka, na ndivyo uandike kwenye config.php, faili la mipangilio ya skripti, pamoja na alama ya chini. Kisha, hapa ndipo wengi hukwama, mwongeze yule mtumiaji kwenye ile databesi na umpe ruhusa zote. Usipofanya hivyo ni mgeni aliyeachwa mlangoni.

Hiyo #1044 inakuja kwa sababu faili lako linajaribu kuunda databesi lenyewe, na hosti ya kuchangia na wateja wengine haikubali. Lifungue kwa Notepad, futa mistari ya CREATE DATABASE na USE iliyo juu, bofya databesi yako upande wa kushoto, ndipo uingize.

Kijana_wa_Madera:
Mzee, shikamoo ya dhati. Majedwali yote 14 yameingia, duka limefunguka! Nimetumia dakika ishirini. Mtu asiyenijua amenitoa bila hata senti, na niliyemlipa kanituma kwenye viazi. Sasa ndiyo hasira imeanza upya kabisa.

Mama_Chekechea:
Wewe umetukanwa tu, shukuru. Mimi fundi alisajili domeini (anwani ya tovuti) ya .co.tz ya shule yangu kwa jina lake na barua pepe yake. Tumekosana, tovuti imezimwa wiki ya kuandikisha watoto. Wazazi wanapiga simu wanauliza shule imefungwa?

BintiKodi:
@Mama_Chekechea kwa jina LAKE? Na wewe ulilipa?

Mama_Chekechea:
Miaka mitatu nalipa mama! Risiti zote ninazo, zina mhuri.

Fremu_Namba_7:
Wa kwangu kaondoka na paswedi ya cPanel kabisa. Nikipiga anasema yuko msibani. Tangu Januari yuko msibani.

Kijana_wa_Madera:
Jamani turudi kwenye mada. Ile voisi ninayo, niiweke hapa mjisikilizie?

Mama_Chekechea:
@Fremu_Namba_7 huyo msibani ana gari dogo jeupe? Anavaa saa mbili?

Fremu_Namba_7:
Mungu wangu. Njoo PM.

Kipanga_Mjini:
Nimeshuka Rangi Tatu. Nishike upande wa sokoni au nivuke barabara?

Kijana_wa_Madera:
Vuka. Mwambie umetumwa na mwanawe, atakuongezea kachumbari.