Kiolezo kinasomeka kwenye NetBeans, nikifunga jar hakionekani

fundi_moro: Wakuu, habari za jioni. Nimeandika kwa Java, ndani ya NetBeans (programu ya kuandikia msimbo), programu ya risiti ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Kiolezo kipo src/main/resources/violezo, nakisoma hivi:

`new FileReader("src/main/resources/violezo/risiti.txt")`

Kwangu inafanya kazi vizuri kabisa. Jana nikaipeleka jar (faili moja lililofungwa programu nzima) kwa mhazini, akabonyeza Chapa, ikatoka FileNotFoundException, yaani kosa la faili kutopatikana, huku wanachama wamepanga foleni. Mama mmoja aliyeleta rejesho ikabidi aandikiwe risiti kwa mkono. Imeniuma sana. Jar nimeifungua, kiolezo kimo! Nakosea wapi?

BintiPwani: Pole sana mkuu. FileReader inatafuta faili kwenye diski, kuanzia folda programu ilipowashiwa. Kwa mhazini folda ya src haipo. Kiolezo chako sasa ni kipande ndani ya zipu, maana jar ni zipu tu. Tena Maven (chombo cha kujengea programu) ikijenga, hunakili yaliyomo resources kwenda target/classes, kwa hiyo njia ndani ya jar huanzia violezo. Tumia:

`Risiti.class.getResourceAsStream("/violezo/risiti.txt")`

Mkwaju (/) wa mwanzo usiusahau, la sivyo itatafuta ndani ya pakeji (folda) ya klasi yako.

fundi_moro: Asante dada. Ila nimepitia getClassLoader() na njia hiyohiyo, narudishiwa null, yaani haikukiona.

mzee_wa_kodi: Kijana, kwa getClassLoader() mkwaju wa mwanzo uondoe. Class huuondoa yenyewe kabla ya kuuliza, ClassLoader haiuondoi. Halafu andika `jar tf risiti.jar` usome majina herufi kwa herufi. Windows haijali kubwa na ndogo, jar inajali. Na usigeuze anwani ya kiolezo kilicho ndani ya jar kuwa File. Utapata kosa "URI is not hierarchical" upoteze siku nzima, mimi nilipoteza mbili. Ukisoma, taja StandardCharsets.UTF_8, kwani kabla ya Java 18 usimbaji wa herufi ulifuata mashine husika.

fundi_moro: Shikamoo mzee, nimekipata. Orodha ilisema violezo/Risiti.txt, R kubwa. Nimebadili jina la faili, nikaondoa mkwaju, nikajenga upya. Asubuhi hii mhazini kanitumia picha ya risiti imechapwa. Yule mama nimemchapia yake pia, atapitia Jumamosi.