Wauza spika, mnatuunguzia amplifaya! Andikeni omu kwenye boksi

Wakuu, hili limenichosha na leo nalisema hadharani.

Amplifaya ya gitaa ya bendi yetu ni ya transista. Ndani ina spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme; zikipungua, umeme unaovutwa unaongezeka), nyuma ina jeki ya spika ya nje, na juu ya jeki pameandikwa kwamba jumla isishuke chini ya omu 4. Jeki ile inaunganisha sambamba, yaani kila spika inavuta umeme kwa njia yake na omu za jumla zinashuka, kwa hiyo boksi la spika la kuongeza lazima liwe la omu 8 au zaidi: 8 na 8 sambamba ni 4, basi, umefika mwisho.

Nilipofika dukani Kariakoo nilimweleza muuzaji hayo yote. Jibu lake: "Kaka, spika ni spika, jeki si inaingia?" Lebo ya boksi ilikuwa imebanduliwa, imebaki gundi tu. Nikaomba wapime, eti mita haina betri. Nikamwambia basi aandike kwenye risiti, akaandika kwa mkono wake: omu 8.

Tukaenda nalo harusini. Sauti ikaanza kukwaruza, ikaja harufu ya kuungua, kisha kimya, mbele ya bwana harusi na wageni wake. Fundi alipofungua akakuta transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimekufa. Akapima boksi, mita ikasoma 3.3. Mita husoma chini kidogo ya omu za lebo: spika ya omu 8 husoma 6 na ushee. Hii ni ya omu 4, hakuna ubishi.

Sasa pigeni hesabu. 8 na 4 sambamba ni omu 2.67. Amplifaya ikitoa volti 20, kwenye omu 4 inavutwa ampea 5. Kwenye 2.67 inavutwa ampea 7.5. Hiyo nusu nzima ya ziada ndiyo iliyozipika transista zetu.

Nimerudi dukani na risiti, naambiwa umeme ulipanda! Umeme gani huo unaounguza amplifaya na kuacha kinanda na mixa zilizochomekwa kwenye ekstensheni ileile?

Na wenye amplifaya za valvu (zile za taa za kioo badala ya transista) msidhani mmepona. Nyie mna swichi au jeki za 4, 8 na 16, na lazima zilingane na jumla ya spika mlizofunga. Tena ukiipiga bila spika kabisa unaweza kuua transfoma ya kutolea sauti, na bei ya transfoma hiyo mnaijua. Muuzaji anayekwambia "spika ni spika" anacheza na kitu hicho.

Nataka hela ya transista, ya fundi, na boksi nililolipia. Na kila duka liwe na mita inayofanya kazi mezani, mteja apimiwe kabla hajatoa hela. Waliouziwa maboksi yaliyobanduliwa lebo, wekeni hapa picha za lebo na risiti zenu.