Mwanamke gani wa kwenye riwaya hajakutoka kichwani mpaka leo?

dada_wa_Segerea

Habari zenu jamani. Jana nimemaliza kusoma tena Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, kurasa za mwisho nimezisomea kwenye daladala ya Segerea kwenda Posta, foleni ilitukamata pale Buguruni, nikashuka macho mekundu mpaka konda akaniuliza dada kuna msiba? Nikamwambia hapana kaka, ni kitabu.

Mara ya kwanza nilikisoma nikiwa shule na mwalimu wetu alitufundisha kama onyo tu, wasichana tulieni, mmeona yaliyompata Rosa. Tukaandika hivyohivyo kwenye mtihani tukapata maksi zetu. Sasa nina miaka 32 nimesoma kitabu kilekile nimeona kitu kingine kabisa. Rosa hajaharibikia shuleni wala chuoni. Yule mtoto ameanza kuumizwa kwao Namagondo, kule Ukerewe, siku baba yake Zakaria alipompiga kisa barua ya Charles, barua tu jamani, na huyo baba mwenyewe mlevi. Kuanzia pale mtoto anaogopa wanaume, hakuna mtu aliyekaa naye chini akamweleza chochote, akitoka kwenye ile nyumba ndo basi tena anapelekwa na upepo. Halafu Charles huyohuyo wa barua ndiye anayekuja kumkataa kwa kuwa hakumkuta bikira. Nimeumia sana, siwezi kudanganya.

Sasa mtoto wa dada yangu yuko form two, anasoma kila kinachomjia mkononi, juzi kaniuliza "mama mdogo, mbona wanawake wa kwenye riwaya zetu wanakufa tu?" Nikakosa jibu. Naombeni mnitajie mhusika wa kike ambaye hajawatoka kichwani. Sio lazima awe msafi, sio lazima awe ameshinda, nataka awe anaamua mambo yake mwenyewe. Na mseme kwa nini, msitaje jina mkaondoka.

mama_wawili_Mbagala

Sekai, mama yake Takadini kwenye riwaya ya Takadini. Tulikisoma kile kitabu form four kwa ajili ya mtihani, jadili dhamira, jadili mhusika, tukamaliza tukasahau. Sikujua kama kitakuja kunirudia.

Mwanangu wa pili ana ualbino. Siku nimejifungua nesi alimfunika uso kabla hajanipa, akawa hanitazami, nikajua kuna kitu, nilipofunua nikamwona mwanangu na kitu cha kwanza kunijia kichwani wala sio maombi, ni Sekai. Mwanamke kakaa miaka kwenye ndoa hana mtoto, wake wenzie wanamsema, hatimaye anampata, na mtoto anakuwa wa aina ambayo mila za pale kijijini zinasema asiishi. Wazee wanasubiri. Mume wake Makwati anampenda ila hana ubavu wa kusimama mbele ya wazee. Basi Sekai anambeba mtoto usiku anaondoka peke yake, anakoenda hakujui, hana ndugu huko, mpaka anafika kwa watu wengine kabisa na mzee Chivero anampokea.

Ninachotaka muone ni hiki, jina la kitabu ni la mtoto, lakini miguu inayotembea ni ya mama. Hakuna aliyemwambia fanya hivi. Hakusubiri mume apate ujasiri. Na mimi mwanangu alizaliwa miaka ile kule Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wanauawa na kukatwa viungo, mnakumbuka hali ilivyokuwa, mama mkwe wangu akawa anasema tumpeleke mtoto akakae mbali watu wasimwone. Nikakataa. Nilikaa naye hapahapa Mbagala, kofia, mikono mirefu, mafuta ya jua, shule akakaa dawati la mbele kwa ajili ya macho. Sasa hivi ni kijana mrefu kuliko mimi. Sisemi ni kitabu ndo kilinifanya, ila nilikuwa najua kuna mwanamke alishawahi kukataa kabla yangu hata kama ni wa kutungwa.

Mpe binti asome, ila muwe karibu naye.

Mngambo wa Ilala

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Unguja ila niko Ilala mwaka wa kumi huu. Kwangu ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, na wengi watakimbilia kumtaja Yasmin na wana haki, msichana wa miaka 15 anaozwa kwa Bwana Raza mwenye duka mtu wa miaka 52, anapelekwa Mombasa, anatoroka anarudi Unguja, kwao wanamfungia mlango. Ana roho yule.

Lakini mimi namtaja Mwajuma. Soma tena uone. Yasmin angekwenda wapi kama asingekuwepo Mwajuma? Mjomba wake ana nyumba, ana heshima, na kamfukuza. Mwajuma ana chumba Ng'ambo na hali yake ya kubahatisha na kamwambia ingia. Mhindi na Mswahili katika zama zile za mkoloni, kila kabila na mtaa wake, na huyu mwanamke wala hakulifikiria jambo hilo mara mbili, anamfundisha mwenzake namna ya kuishi, kucheka, kwenda ngomani. Denge, mpenzi wa Yasmin, na wenzake wanahangaika na siasa, makaratasi, polisi, na mimi nawapenda, ila ule umoja wanaoupigania Mwajuma keshauweka kwenye chumba kimoja na kitanda kimoja.

Filamu yake ya 2021 aliyoitengeneza Amil Shivji nimeiona, nzuri sana, ila kitabu kisome kwanza.

neema_k

Kazija wa riwaya ya Utengano! Kila mtu analia na Maimuna, binti wa Maksuudi, lakini Kazija ndiye aliyewapanga Maksuudi na mwanawe Mussa mpaka wakakutana uso kwa uso. Yule mzee alikuwa anaheshimika mtaa mzima na kwake anafungia watu kama kuku, Kazija akaitoa siri yote nje. Siwezi kusema ni mtu mwema. Ila ana akili na anaitumia.

fundi_Gerezani

Sikutegemea kuchangia uzi kama huu ila nimesoma hapo juu nikaona nami niseme. Mimi ni fundi magari, nipo mtaa wa Gerezani hapa Dar tangu 2009. Kuna mteja aliacha kitabu kwenye gari, Shetani Msalabani cha Ngũgĩ wa Thiong'o, nikampigia akasema soma kwanza utanirudishia, nikawa nakisoma mchana kazi zikipungua.

Mle kuna Wariinga. Anaanza akiwa karani wa kupiga chapa, bosi anamtaka, anakataa, kazi inaota mbawa, chumba anafukuzwa, mwenyewe hajipendi hata rangi yake anajichubua. Alipokuwa mwanafunzi mzee mmoja tajiri alimpa mimba akamtelekeza. Nikasema haya ndo yaleyale. Halafu sehemu ya mwisho ya kitabu namkuta ni fundi! Amesomea uinjinia wa mitambo, yuko gereji Nairobi kavaa ovaroli, wale wanaume mwanzo walimdharau akawaonyesha kazi wakanyamaza. Na mwandishi anaeleza injini kama mtu aliyesimama karibu na injini. Mimi nilikiweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Kwa sababu pale kwetu mwaka ule alikuja binti wa chuo cha ufundi VETA kufanya mafunzo kwa vitendo na tulimpa kazi ya kuosha vifaa wiki tatu nzima. Wiki tatu! Nilivyosoma Wariinga kesho yake nikamwita nikampa gearbox tuifungue wote. Yule binti sasa hivi ana sehemu yake anafanya, na kwenye umeme wa gari mimi namtumia wateja.

Mwisho wa kitabu anashika bastola, sitasema zaidi. Ngũgĩ alikiandika akiwa gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni, kikatoka Kikikuyu 1980 na Kiswahili 1982. Ukijua alipokiandikia unaelewa hasira yake.

dada_wa_Segerea

Fundi umenigusa na habari ya yule binti. Mama wa Mbagala nimesoma mara mbili, Mungu amkuze kijana wako.

Ila fundi hiyo bastola kwa mtoto wa form two unaonaje?

fundi_Gerezani

Dada kama Rosa wanasoma na anajiua, kwa nini huyu asisomwe? Mimi naona bora mtoto aone mwanamke aliyekasirika kuliko aone wanaokufa tu. Ila wewe ndo mlezi.

juma_wa_vitabu

Siti Binti Saad wa Shaaban Robert hajatajwa?

Mwl_mstaafu_Temeke

Juma, huyo ni mtu wa kweli, kile kitabu ni wasifu sio riwaya. Alizaliwa Fumba, akaimba, akafariki 1950. Angekuwa wa kutungwa ningempa nafasi ya kwanza.

Binti yangu wa Segerea, nimefundisha Kiswahili miaka mingi na mimi ni mmojawapo wa waliofundisha Rosa kama onyo. Nakiri. Tulikuwa na darasa la watoto sabini, mtihani uko mlangoni, na onyo ni rahisi kulisahihisha kuliko swali. Lakini tuwe wa haki kwa Kezilahabi. Kitabu kimetoka 1971, yeye mwenyewe kijana wa miaka 27, mzaliwa wa hiyohiyo Namagondo, na kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Kingekuwa kinawaonya wasichana tu nani angehangaika kukipiga marufuku? Kiliwauma wakubwa kwa sababu kinawauliza wazazi na walimu mlikuwa wapi. Kwa hiyo mtoto akiuliza mbona wanakufa, mwambie arudi nyuma ahesabu watu wazima waliompita Rosa kabla hajafika pale. Mimi nimewahesabu, sikulala vizuri.

Na nikitaja wangu, ni Afiya, kwenye Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, nimekisoma kwa Kiingereza. Mtoto yatima anafundishwa kusoma na kuandika na kaka yake, kaka anaondoka vitani, na mlezi akigundua anaweza kuandika anampiga mpaka mkono unavunjika. Kwa kosa la kuandika. Na kinachomtoa mle ndani ni kikaratasi alichoandika mwenyewe, akaomba msaada kwa Khalifa, rafiki wa kaka yake, akaja kuchukuliwa. Hakupiga mtu, hakupiga kelele, aliandika. Nimeshika chaki maisha yangu yote, sijaona mahali palipoeleza vizuri hivyo kusoma ni kwa ajili ya nini.

dada_wa_Segerea

Mwalimu shikamoo. Sina la kuongeza hapo.

Leo mchana nimepita wauza vitabu wa Posta nimepata Vuta N'kuvute, cha Takadini yupo jirani anacho. Mtoto nimemsomea comment zenu zote, amechagua kuanza na Sekai, ila ameuliza sana kuhusu yule fundi mwanamke. Shetani Msalabani nimezunguka sijakiona, mwenye nacho aniambie nakipata wapi.

fundi_Gerezani

Yule mteja alikuja kunipa moja kwa moja. Kina oili kwenye jalada na kurasa kadhaa zina alama za vidole ila kinasomeka chote. Njoo ukichukue Jumamosi kabla ya saa saba, na mtoto mje naye, yule binti wa VETA huwa anapita kuchukua vifaa.