Tetea wanaoatamia mno: nibadilishe jogoo au nichague mbegu niliyo nayo?

Mfugaji_Chanika
Wakuu, nina tetea 20 wa kienyeji. Kila mmoja akishataga mayai 12 au 15 hung'ang'ania kiota, akavimbisha manyoya na kumdonoa yeyote apelekaye mkono. Biashara yangu ni mayai. Je, nilete jogoo wa Leghorn, ambao tetea wao hawaatamii, au nichague miongoni mwa kuku wangu?

Mama_Goba
Nunua kuku wa mayai, mkuu, uachane na hayo.

Daktari_Mifugo
Huyo mama amejibu swali jingine. Wengi waliamini kwamba tabia hii huamuliwa na jogoo, kwa kuwa tetea hupata kromosomu Z yake (mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba) kutoka kwa baba pekee. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002, baada ya kupandisha Leghorn weupe na bantamu, kuku wadogo wanaoatamia, kwa pande zote mbili (jogoo wa huku kwa tetea wa kule, na kinyume chake), yalionyesha kwamba mabinti waliatamia kwa kiwango kinachokaribiana, awe baba ni wa mbegu ipi. Maana yake, vinasaba vikuu havimo kwenye Z, na vile vya kuatamia huwa na nguvu ya kujitokeza. Usishangae basi mabinti wengi wa jogoo wako mpya wakiatamia kama mama zao.

Kinachomlaza tetea ni homoni ya prolaktini, ambayo ikipanda husimamisha utagaji. Kinasaba chake kiko kwenye kromosomu ya 2, na kwa Leghorn weupe sehemu inayokiongoza ina kipande cha ziada cha herufi 24 za DNA, kinachohusishwa na kutoatamia kwao.

Mfugaji_Chanika
Ahsante, Daktari. Nikichagua, jogoo nitamjuaje, naye haatamii?

Daktari_Mifugo
Hapo ndipo wengi hukosea: humchagua kwa kilemba na kifua. Mtazame mama yake na dada zake. Weka kumbukumbu ya kila tetea, siku alizotaga na siku alizolala.

Kuku_Kigamboni
Mimi nisingewaondoa wote. Umeme ukikatika, mashine yangu ya kuangulia hupoa na mayai huwa viza, ilhali tetea wangu mweusi hulalia siku zake 21 bila habari ya LUKU. Wanaozidi nawaweka kwenye tundu la waya lililoinuliwa, lisilo na kiota, upepo upite chini ya tumbo. Baada ya siku chache huacha.

Mfugaji_Chanika
Basi jogoo simnunui. Nitabakiza walezi 3, na kesho naanza kuwafunga wengine pete za rangi miguuni.