Finale 2008 imezeeka pamoja nami: nisubiri toleo jipya au nihame?

Mwalimu wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wasio wa kwetu, habari za jioni wadau.

Naomba msaada kabla kichwa hakijapasuka. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kigango huku Mbinga. Nyimbo zangu zote naziandika kwa Finale 2008, programu ya kuandikia nota. Aliniwekea mseminari mmoja aliyekuja likizo mwaka 2009, kwenye laptopu ya Windows XP, na tangu siku hiyo sijagusa programu nyingine ya nota. Nina faili 212 za .mus: za kwangu, za marehemu mwalimu wangu nilizozinakili kutoka kwenye madaftari yake, na misa mbili nzima.

Laptopu sasa imechoka. Betri ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Kitufe cha 5 kiling'oka, na wanaoijua Finale watanielewa, maana 5 ndiyo krocheti, nota ya pigo moja. Nabonyeza kile kipira cha ndani kwa ncha ya kalamu. Wimbo ukiwa wa pigo moja moja mwanzo hadi mwisho, ni adhabu. Mwezi uliopita ilizima katikati ya shangilio, na nilipoiwasha nilikunywa chai nikamaliza kabla skrini haijaonyesha kitu.

Mwanangu aliyeko Dodoma kanitumia nyingine ya Windows 10, si mpya lakini nzima. Nimebeba Finale yangu kwa flashi nikaipeleka huko, inadai namba za usajili. Sina, wala sijawahi kuwa nazo. Mnajua tena zile kopi za enzi zile, tusiulizane sana.

Mpiga kinanda mwenzangu ananiambia nivumilie, eti Finale 28 iko njiani, nikusanye hela safari hii ninunue ya halali. Nauliza: ni kweli inakuja? Na kama haiji, nyimbo 212 nazitoaje humu bila kuziandika upya nota kwa nota? Mtakatifu Sesilia ni tarehe 22 Novemba na Majilio yanafuata hapo hapo.

Tafadhali asinijibu mtu "tumia simu". Nina miaka 58 na macho yenyewe ni ya kuazima.

Kinanda cha Mbao

Milele, amina. Pole mwalimu, ila hiyo hela ya toleo la 28 itafutie kazi nyingine. Halipo na halitakuja. Tarehe 26 Agosti 2024 MakeMusic, wenye Finale, walitangaza kwamba wameacha kuiendeleza. Ya mwisho ni 27, iliyotoka 2021. Programu ilianza 1988, na maelezo yao wenyewe yalikuwa kwamba ndani yake mmerundikana mamilioni ya mistari ya msimbo, kuongeza kitu kipya kumekuwa kazi ngumu. Kama nyumba ya tope iliyopigwa viraka miaka thelathini na mitano: ukigusa dirisha, ukuta wa jikoni unadondoka.

Mimi niliinunua ya 27 kwa jasho langu, kwa hiyo siku ile nililala vibaya. Kwanza walisema baada ya mwaka mmoja hutaweza tena kuisajili kwenye kompyuta mpya. Watu walipiga kelele dunia nzima, wakalegeza. Kisha wakatuelekeza kwenye Dorico, programu ya nota ya kampuni ya Steinberg, kwa dola 149 badala ya 579. Dorico ni nzuri, siibezi. Walioijenga ni wale waliokuwa wakitengeneza Sibelius, programu nyingine ya nota, hadi ofisi yao ya London ilipofungwa 2012. Lakini dola 149 kwa kwaya ya kigango ni sare za soprano wote.

Nenda MuseScore. Nayo ni programu ya nota, ya bure, bure ya halali, hakuna kukraki. Na nikupe habari itakayokufurahisha: namba ni zile zile za Finale. 5 ni krocheti, 4 ni kweva, 6 minimu, 7 semibrevu. Unabonyeza N kuanza kuandika, basi vidole vyako vinajua njia. Dorico wameweka krocheti kwenye 6, Sibelius kwenye 4. Kwa umri wetu kufundisha vidole upya si mchezo.

Faili za .mus usijaribu kuzifungua moja kwa moja kwenye MuseScore. Kati ya programu hizi kuna lugha ya mkalimani inaitwa MusicXML. Kwenye Finale yako hiyo ya zamani ingia menyu ya Plug-ins, utaiona MusicXML, ndani yake kuna Export. Inatoa faili ya .xml, hiyo ndiyo MuseScore inaifungua. Ni moja moja lakini. Ukifanya 20 kila jioni, siku kumi na moja umemaliza, kama laptopu itakubali kuishi siku kumi na moja.

Au fanya hivi: zifunge zote 212 kwenye zip moja. Faili za nota ni ndogo, zote pamoja ni MB chache tu. Nitumie. Finale 27 inabadilisha folda nzima kwa mpigo mmoja.

Kabla ya yote, chapa kila wimbo kuwa PDF, au hata karatasi. Usije ukaniambia baadaye hukumbuki alto alikuwa anaimba nini ukurasa wa pili. Na zile .mus usizifute.

Besi wa Pili

Naunga mkono hilo la PDF kwa mikono miwili. Mimi nilianzia Encore, nayo programu ya nota. Wale Passport walioitengeneza walifunga, ikaenda kwa GVOX, nikakaa nasubiri toleo jipya kama mtu anayesubiri basi kituo kilichohamishwa. Nyimbo zangu kama sitini zilikuwa .enc. Fundi mmoja akaniformatia kompyuta, akasema "nimekuhifadhia vitu vyako vyote". Alihifadhi picha za harusi.

Nilichonusuru ni nakala za karatasi walizokuwa nazo wanakwaya, zina mafuta ya maandazi. Nimeandika upya nyimbo arobaini. Ishirini hivi zilizobaki hazikuwa nzuri sana, nimeziacha zipumzike.

Mwalimu wa Kigango

Asanteni sana. Nimecheka hadi mke wangu akauliza kuna nini.

Nimekutumia zip kwenye barua pepe, Kinanda cha Mbao. Hilo la PDF nimeanza. Yale mashairi ya chini ndiyo yananitia wasiwasi. Beti la kwanza huwa naliweka chini ya nota, la pili na kuendelea naziandika chini ya ukurasa kama maandishi ya kawaida. Yatahama?

Na hiyo MuseScore laptopu hii aliyonitumia mwanangu itaibeba? RAM ni GB 4.

Kinanda cha Mbao

Itaibeba. MuseScore 4 inataka Windows 10 ya biti 64, angalia tu kama yako ni hiyo. Kama ni ya biti 32 chukua 3.6.2, inatosha kabisa kwa sauti nne. Ile Muse Hub yenye sauti za okestra usiishushe, inakula bando la mwezi. Programu tupu ni MB 100 na kitu.

Mashairi ya chini ya nota yatahama. Yale ya chini ya ukurasa usiyatarajie. Kwa MusicXML hayo ni maandishi yanayoelea, hayajashikwa na nota yoyote, kwa hiyo mengine hupotea na mengine huibukia juu karibu na jina la mtunzi. Soprano na alto kwenye mistari ya juu, teno na besi chini, hizo zinafika salama. Layer 1 na 2 za Finale, yaani tabaka za sauti kwenye mstari mmoja, huku zinakuwa voice 1 na 2. Mpangilio wa ukurasa utaupanga mwenyewe.

Faili nimezipata. Nakurudishia usiku.

Alto wa Solfa

Samahanini kuingilia. Sisi Walutheri wa huku kwetu kwaya inaimba kwa solfa, zile herufi za do re mi: d r m. Nota za mistari mitano nasoma mimi peke yangu. MuseScore inaweza?

Kinanda cha Mbao

Haikuandikii solfa kamili yenye mapigo yake kama ile ya vitabu vyenu, dada. Ninachowafanyia rafiki zangu: naandika nota kawaida, halafu kwenye mstari wa maneno wa kwanza naweka d, r, m, maneno yenyewe yanashuka mstari wa pili. Ctrl+L unaingia kwenye maneno, nafasi inakupeleka nota inayofuata. Inachosha lakini wanakwaya wanashukuru.

Mwalimu wa Kigango

Wadau, narudi na ripoti ya wiki mbili.

Kati ya 212 zimefika 209. Kinanda cha Mbao, Mungu akubariki wewe na hiyo Finale yako ya halali.

Nilifungua ya kwanza jioni ya Jumatatu, wimbo wa matoleo. Nota zote ziko sawa, hata zile fermata, alama za kushikilia nota, nilizoziweka kwa hasira dhidi ya mpiga kinanda anayekimbia. Maneno sasa. Kiitikio kinaanza "Mpeni". Naona kwenye skrini "M" imekaa peke yake kushoto kabisa, kama mtoto aliyefukuzwa darasani, halafu mbali kule ndiyo "pe-ni". Nikaanza kuilaumu MuseScore. Nikarudi kwenye laptopu ya zamani kuangalia, kumbe kosa ni langu la mwaka 2009: niliandika M, nikaweka nafasi badala ya kistari. Kwenye Finale nota zilikuwa zimebanana, haikuonekana. Kwaya imeimba kwenye karatasi ile miaka yote hiyo na hakuna aliyegundua, maana nani anasoma, wote wanaimba kwa kukariri.

Na lugha yetu hii imejaa hizo m. Mpeni, mtu, msifuni, mbingu. Nyingine m inabeba nota yake yenyewe kama kwenye "m-tu", nyingine imeshikana na herufi ya mbele kama "mbi-ngu". Nimegundua kwamba miaka ya mwanzo nilikuwa nakata silabi ovyo, "mbin-gu", "Mun-gu", kwa sababu mseminari yule alinifundisha kwa mfano wa wimbo wa Kiingereza. Sasa nazirekebisha moja moja: Mu-ngu, mbi-ngu. Soprano wakishika sauti ndefu kwenye "Mu" hawafungi tena mdomo kwa n kabla ya wakati. Kwa kweli hilo peke yake limenilipa usumbufu wote.

Kingine ni ng'. Kibodi ya zamani ilikuwa na alama mbili zinazofanana na mimi nilitumia yoyote iliyokuwa karibu na kidole. Kwenye faili moja "ang'aa" ina kimkato kimeinama kushoto, beti la pili kimeinama kulia. Nazo nasafisha.

Mashairi ya chini yamepotea kama ulivyosema. Wimbo mmoja beti la tatu liliruka likakaa juu ya jina langu. Nayaandika upya kutoka kwenye PDF, si mengi.

Wiki mbili hizi nimesafisha nyimbo 31. Za Sesilia ziko tayari na wanakwaya wameshapewa nakala. Besi mmoja kaniuliza kwa nini nota zimenenepa.

Zile tatu zilizogoma, mbili ni zangu, nazijua kichwani. Ya tatu ni ya marehemu mwalimu, wimbo wa Komunyo. Hata kwenye Finale ya zamani haifunguki, inasema faili imeharibika, na sikuwahi kuichapa. Ila daftari lake ninalo, kaandika kwa solfa, penseli. Alto wa Solfa, sasa zamu yako kunisaidia, maana mimi solfa niliiacha shule ya msingi. Kuna mahali kwenye sauti ya pili ameandika hivi, pigo moja kati ya nukta pacha mbili:

: s .,f :

Hiyo nukta na mkato vikikaa pamoja vinasomwaje?

Alto wa Solfa

Nukta inagawa pigo katikati, mkato unagawa nusu kuwa robo. Vikiwa pamoja hivyo, s inashika robo tatu za pigo, f inapata robo iliyobaki. Kwenye mistari mitano ni kweva yenye nukta ikifuatwa na semikweva, kama pigo lenu ni krocheti.

Angalia na pigo linalofuata, mwalimu. Kama kuna kistari peke yake, f haikatwi, inaendelea.

Mwalimu wa Kigango

Kipo kistari! Miaka yote nimekuwa nikiwakatisha alto pale. Kesho baada ya misa ya kwanza nakaa na daftari.