MREJESHO: Mwanafunzi mgeni ataupendaje mji wa Mtwara bila kumaliza bumu (hela ya mkopo wa chuo)?

Wakuu, shukrani. Niliuliza mtu aliyetoka Liwale, akaanza chuo Mtwara mjini, aanzie wapi kuuzoea mji kwa hela ndogo. Ushauri wenu umejaribiwa, na matokeo ni haya.

Kilichofaa kuliko vyote ni kufuata mwezi, si saa. Ufukwe wa Shangani siku za bamvua, yaani mwezi mchanga au mpevu, maji hupwa sana kuanzia kama saa nne asubuhi. Ukienda kuogelea utakuta miamba na tope. Hapo vaa viatu, maana kuna urumba (viumbe wa baharini wenye miiba), ukatembee. Kuogelea subiri alasiri maji yakijaa. Kila siku kujaa kunachelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba ya Jumamosi hii haifai Jumamosi ijayo.

Mikindani ni kama kilomita 10, daladala zipo. Boma la Wajerumani la 1895 sasa ni hoteli, omba ruhusa kwanza. Mimi naona vichochoro vya chini vina utamu zaidi.

Msangamkuu, ng'ambo ya maji, unavuka kwa kivuko, ila uliza mapema safari ya mwisho ya kurudi.

Samaki wa feri (sokoni): chagua mwenye jicho angavu, shavu jekundu. Nunueni mmoja mkubwa, mgawane watu wa chumba kizima.

Korosho ghafi msichome ghetto (chumbani). Mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake unawasha. Nunueni zilizobanguliwa.

Bodaboda: bei kabla ya kupanda, hasa usiku.